Bwana Afya Aliyehesabu Mioyo Yetu

Alikuwa mwanamke, tena wa sketi ndefu na kilemba, lakini Mwakitolyo nzima tulimwita Bwana Afya. Kazi ya kukagua vyoo, visima na vibanda vya mama lishe ilifika kwetu na jina hilo tangu ilipokuwa inafanywa na wanaume, na yeye alipoletwa hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha. Wachache waliojaribu kumwita Bibi Afya hawakuitikiwa. "Bibi nitakuwa nikizeeka," alisema. "Sasa hivi niko kazini."

Kwao sikujui, wala sikupata kumuuliza. Ninachokijua ni ile miaka sita niliyomfuata nyuma na daftari, nikicheka kuliko nilivyowahi kucheka maishani.

Tulikutana kwa sababu ya choo ambacho hakikuwapo. Nilikuwa mmoja wa akina mama tuliokuwa tunaponda mawe karibu na maduara, yaani yale mashimo ya dhahabu. Tulikaa chini, miguu tumeinyoosha, jiwe mbele, nyundo mkononi, tangu asubuhi mpaka jua linapoanza kuinama, tukivunja mwamba uwe kokoto za kupelekwa kwenye karasha kusagwa. Siku hiyo akaja na karatasi zake kuuliza tunajisaidia wapi. Tukamwonyesha kichaka. Alitazama kichaka, akatutazama sisi, halafu ghafla akachuchumaa mbele yangu na kunishika mkono.

"Shikamoo," nikasema, maana sikujua niseme nini kingine.

"Marahaba. Usiongee."

Akaweka vidole vitatu chini ya kiganja changu, akaangalia saa yake, jicho moja kalifumba, midomo inacheza. Wenzangu waliacha kuponda. Mmoja alinong'ona kwa Kisukuma kwamba labda nimekutwa na ugonjwa. Dakika ilipoisha, Bwana Afya akauachia mkono wangu na kuanza kucheka peke yake.

"Mia moja thelathini na mbili," akasema. "Mama, unajua kwamba unakimbia?"

"Nimekaa chini, Bwana Afya."

"Umekaa chini, lakini moyo wako uko njiani unakimbia. Ninyi nyote mnakimbia hapa tangu asubuhi, na hakuna aliyewaona."

Tulicheka mpaka nyundo zikatuponyoka mikononi. Lakini siku hiyo nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo. Kwa miaka yote wanaume wa winchi walikuwa wakituambia kwamba sisi kazi yetu ni kukaa. Sasa nilikuwa na namba.

Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza, naye alilieleza kila mahali, mpaka msibani. Mtu akifanya kazi, mwili unadai damu, na moyo unaongeza mwendo ili kuipeleka. Kwa hiyo ukitaka kujua uzito wa kazi usiutazame mzigo, wala usimsikilize anayejisifu wala anayelalamika. Hesabu mapigo kabla hajaanza, hesabu akiwa kazini, halafu mwache apumzike uhesabu tena dakika ya kwanza, ya pili na ya tatu. Moyo ukishuka upesi, kazi inamfaa. Ukikataa kushuka, kazi imemzidi, au kuna jambo lingine mwilini linalokula nguvu zake. "Jasho linategemea na shati," alikuwa anasema. "Mapigo hayavai shati."

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, ndiyo maana akanichukua kuandika. Jioni mbili kwa wiki nilikuwa naacha nyundo na kushika daftari. Safu ya kwanza jina, ya pili umri, ya tatu kazi, halafu mapigo.

Safu iliyotutoa jasho ilikuwa ile ya umri. Alikuwa na kanuni yake: chukua mia mbili na ishirini, toa umri, unapata mwisho wa mbio ambazo moyo wa mtu huyo unaweza kufika. Sasa nenda kamuulize umri mchimbaji. Mzee mmoja mwenye mvi mpaka kwenye nyusi alisema ana miaka thelathini na mbili, kwa kuwa aliogopa kuzuiwa kushuka shimoni. Akina mama wenzangu walijipunguzia miaka mmoja baada ya mwingine, hadi binti wa mmoja wao akawa karibu kumpita mamaye. Bwana Afya alikaa akatazama daftari, akafanya hesabu zake, akasema, "Kwa umri huu, Mama Limi alizaa akiwa na miaka minane." Mama Limi akasema Mungu ni mwema. Ikabidi tuulize kwa njia nyingine: ulikuwa unachunga ng'ombe au ulikuwa mgongoni mwa mama mwaka ule mvua zilipokatika? Ulikuwa umeota ndevu wakati barabara inapita? Hapo ndipo kanuni ilipoanza kufanya kazi.

Alipenda namba lakini hakuziabudu. Siku moja alimpima mzee mmoja mkimya aliyekuwa amelala kivulini, akapata mapigo arobaini na nane. Akaitikisa saa. Akapima tena, arobaini na nane. Akaamini betri imekufa, akanituma dukani kununua nyingine, nikarudi, akabadilisha, akapima, arobaini na saba. Mzee akaamka akauliza kama kuna tatizo. Kumbe alikuwa amesafirisha mkaa kwa baiskeli kwa miaka ishirini, kutoka vijijini mpaka mjini Shinyanga, kwenda na kurudi. Moyo wake ulikuwa umezoea milima na upepo wa mbele, na sasa akiwa amelala haukuwa na haraka na mtu. Bwana Afya alimwamkia shikamoo mara mbili, ingawa walikuwa karibu rika moja.

Mwenyewe hakuwa mtu wa kutulia. Aliwahubiria watu kupumzika huku akitembea kutoka duara hadi duara kwa mwendo uliokuwa unanifanya nitamani kupimwa mimi. Alikataza sukari nyingi kwa mama lishe, kisha akatia vijiko vitano kwenye chai yake na kuikoroga akitazama pembeni, kana kwamba mkono ni wa mtu mwingine. Na mashimo aliyaogopa. Miaka yote ile hakuwahi kusogea hatua tano kutoka kwenye mdomo wa duara. Mchimbaji alipotoka chini ilibidi amfuate yeye alipo, mbio mbio kabla mapigo hayajashuka, na kila mara alimpokea akimgombeza kwa kuchelewa.

Kuna wakati wataalamu wa chuo fulani walimwazima mkanda wa kufunga kifuani, unaosoma mapigo na kuyatuma kwenye saa. Alifurahi kama bibi harusi. Alitembea nao siku nzima akiwaonyesha watu, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana kabla ya saa nane mchana habari ilikuwa imeenea kwamba mkanda ule unagundua dhahabu iliyofichwa mwilini.

Sikujua uvumi huo mpaka tulipomfunga mchimbaji mmoja kutoka Ushetu, mtu mpole aliyekuwa ameacha tumbaku shambani na kuja kujaribu bahati. Hajaanza kazi, amekaa kwenye ndoo, na saa inasoma mia moja arobaini.

"Umekimbia?" Bwana Afya akamuuliza.

"Hapana."

"Umekunywa nini?"

"Uji."

Namba ikapanda mia moja hamsini. Yule mtu akatazama kushoto na kulia, akainama, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mama, limo kwenye buti la kulia. Ni jiwe dogo tu. Naomba usiwaambie."

Bwana Afya aliitazama saa tena. Kisha akainuka, akasimama mbele yake ili mwenye duara asimwone, na kusema polepole, "Mimi si polisi, na huu ni mkanda wa moyo tu. Haujui buti lako lina nini. Nenda karudishe ulichokitoa pale ulipokitoa, kisha uje nikupime, kwa sababu hii namba sasa haina maana kwangu."

Akaenda. Akarudi. Sabini na nane. Bwana Afya akaniambia niandike sabini na nane na nisiandike kingine, na jambo hilo mimi naliandika leo kwa mara ya kwanza, baada ya yule mtu kurudi kwao Ushetu na kuwa mzee wa kanisa.

Hapo ndipo alipoanza kusema maneno ambayo baadaye alikuwa akiyarudia sana: moyo unakwambia kiasi, haukwambii sababu. Sababu lazima umuulize mtu. Jua linaupandisha. Homa inaupandisha. Hofu inaupandisha. Na lipo jingine, ambalo tuliligundua kwa Emanuel.

Emanuel alikuwa mchimbaji kutoka Kigoma, kifua kipana, kazi anaiweza, moyo wake ukishuka baada ya kazi unashuka vizuri. Lakini jioni moja tulimpima akiwa anapumzika tukakuta mia na kumi na tano. Bwana Afya akamwambia akae zaidi. Dakika kumi, bado. Akaanza kuwa na wasiwasi, akamuuliza kuhusu malaria, kuhusu kikohozi, kuhusu ndugu waliokufa ghafla. Emanuel anajibu hapana, hapana, macho yako kwingine. Mimi ndiye niliyefuata macho yake. Yalikuwa kwa Rehema, dada wa Singida aliyekuwa anakaanga chapati hatua chache kutoka pale.

Nikamgusa Bwana Afya. Akageuka, akaona, akageuka tena. "Hebu twende upande wa pili wa karasha," akamwambia Emanuel. Kule, themanini. "Haya turudi." Mia na kumi na mbili. Akampeleka mara ya pili ili awe na hakika, na Emanuel masikini anakwenda na kurudi bila kujua anatafutwa nini.

Bwana Afya akaenda moja kwa moja kwa Rehema, akamwomba mkono. Rehema akaufuta unga na kumpa. Nilisimama na daftari nikisubiri. Mia moja na ishirini.

"Huo ni moto wa jiko," Rehema akasema.

"Labda," Bwana Afya akasema. "Tuzime jiko tupime tena?"

Rehema akauvuta mkono wake, akaficha uso kwa kanga, na mama lishe wote wa pale wakaanza kupiga vigelegele. Sasa wana watoto wawili. Kwenye daftari, safu ya kazi, nilikuwa nimeandika "anapumzika", Bwana Afya akaifuta na kuandika "anatongoza".

Lakini hatukuwa tunacheza. Kazi ya winchi ndiyo iliyokuwa inampa Bwana Afya mawazo. Winchi ni gogo lenye mikono miwili ya kuzungusha. Kamba inajiviringisha na kuleta juu viroba vya mawe, na wakati mwingine inaleta watu. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa mvutaji wa winchi kwenye duara la bwana mmoja aitwaye Luhende. Bwana Afya alipima wavutaji wote, akaona kwamba kwenye jua la mchana mioyo yao haishuki tena hadi jioni. Akataka mambo matatu: turubai la kivuli na ndoo ya maji, na baada ya kila viroba kumi na tano, dakika kumi za kukaa.

Luhende alikuwa mtu mzuri mwenye tumbo la kutosha na hakutaka kusikia. "Kuvuta kamba ni kazi ya mikono," akasema. "Mikono haichoki, inazoea."

"Basi vuta wewe kumi na tano," Bwana Afya akasema. "Dakika ya tatu nikikuta moyo wako umerudi chini ya mia, sitakanyaga hapa tena. Hata choo sitakuuliza."

Hilo la choo ndilo lililomshawishi, maana tangu siku ya kwanza alikuwa anadaiwa achimbe kimoja. Bwana Afya alimpima kwanza presha, akaridhika, akasogea nyuma hatua zake tano. Luhende akavua shati. Watu wakaja kutoka maduara ya jirani, karasha ikazimwa, mama lishe wakaacha vyungu. Mpaka kiroba cha tano alikuwa anatutania. Cha nane alinyamaza. Cha kumi na moja aliita jina la mama yake. Bwana Afya akamwambia kwamba anaweza kuacha, hakuna atakayemcheka. Akatikisa kichwa, na kwa kweli alivuta vyote kumi na tano, na mimi nilimheshimu.

Akaanguka kwenye gunia. Bwana Afya akashika mkono wake. Dakika ya kwanza mia moja sitini na mbili. Ya pili mia moja hamsini na tano. Ya tatu mia moja arobaini na tisa.

"Andika tisini," Luhende akaninong'oneza.

"Mama Kulwa, andika ulichosikia," Bwana Afya akasema.

Nikaandika. Luhende akalala palepale kwenye kivuli cha kibanda, na kwa kuwa ndiye mwenye duara, hakuna aliyethubutu kumwamsha. Alipoinuka, alijifuta vumbi, akavaa shati na vifungo vikakosea matundu, akauliza, "Hilo turubai lenyewe mtalifunga wapi?"

Wiki mbili baada ya turubai kufungwa, mioyo ya wavutaji ilianza kushuka vizuri kila walipokaa. Ya wote isipokuwa mmoja. Nilikuwa ninaandika namba za mume wangu mwenyewe na mkono wangu ulianza kuwa mzito. Asubuhi, kabla hajagusa winchi, mia moja na nne. Baada ya kazi inapanda na kukaa huko huko juu.

Bwana Afya akaja nyumbani kwetu alfajiri ili ampime kabla hajainuka mkekani. Baba Kulwa hakufurahi. Akasema yeye amevuta kamba miaka mingi, na kama moyo unakwenda mbio ni kwa sababu ana nguvu. Bwana Afya hakubishana. Akamvuta kope la chini, akatazama, akamgeuza kiganja, akatazama. Vilikuwa vyeupe.

"Baba Kulwa, moyo wako unakimbia kwa sababu damu ni chache. Unazungusha kidogo kilichopo. Usishike winchi. Twende hospitali."

Alikubali kwa mdomo. Nilipotoka kuteka maji, akaondoka kwenda kazini.

Nilimkuta ameshika mkono wa winchi, jasho linamtiririka, na mwenzake upande wa pili. Nilimwomba aache. Akaniambia nirudi kwenye mawe yangu, mbele ya watu. Sikuwahi kuona aibu kama ile, na sikujua nifanye nini. Bwana Afya alikuwa amenifuata nyuma. Kwa mara ya kwanza akavuka zile hatua tano, akaenda mpaka kwenye mdomo wa shimo, akashika nguzo, akachungulia chini.

"Nani yuko kwenye kamba?" akauliza.

"Emanuel," Baba Kulwa akasema. "Anapanda."

"Bado ana mita ngapi?"

"Kama kumi na tano."

"Ukianguka sasa hivi, kamba itarudi chini na Emanuel. Mimi sikuulizi habari za moyo wako. Nakuuliza wa kwake."

Baba Kulwa aliushikilia mkono wa winchi usirudi. Alitazama mikono yake. Kisha akamwita Luhende kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba maji, na Luhende akaja akashika mahali pake. Wakamvuta Emanuel mpaka juu. Baba Kulwa akakaa chini ya turubai, na alipojaribu kusimama ikabidi tumshike.

Hospitalini Shinyanga walimkuta na safura, wale minyoo wanaokaa tumboni wakinywa damu kidogo kidogo mpaka mtu anakauka. Wanaingia kwa nyayo, kutoka kwenye udongo ambao watu wanajisaidia ovyo. Kile kichaka chetu. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, akaambiwa asishike kazi nzito mpaka arudi. Bwana Afya aliitembeza karatasi ile ya hospitali duara kwa duara na kuisoma kwa sauti, na safari hii hakuna aliyesema choo ni mambo ya ofisini. Mwenyewe alikuwa amewaza vyoo na mioyo kama kazi mbili, moja ya mshahara na moja ya mapenzi. Aliniambia baadaye kwamba alilia siku ile kwa kujiona mjinga.

Lakini usiwape wachimbaji wa dhahabu kazi ya kuchimba choo. Walianza asubuhi, na kwa kuwa kuchimba ndiyo fani yao walipita kina cha choo kabla ya chakula cha mchana. Jioni mmoja akapandisha jiwe juani, akalilamba, akaligeuza. Wakaita wenzao. Kesho yake nilikuta watu tisa kwenye shimo la choo, wamefunga na kamba, wanasema kuna mshipa wa dhahabu unaelekea kwa mama lishe. Luhende alikuwa amekwisha kuanza kujadiliana nao nani ni mwenye duara hilo jipya.

Bwana Afya alileta kiti. Akakiweka ukingoni mwa shimo, yeye aliyekuwa anaogopa mashimo, akakaa na mwavuli wake siku mbili nzima. "Hiki ni choo," alikuwa anasema kwa kila aliyekaribia. "Mkitaka dhahabu nendeni mkachimbe pale ambapo si choo." Walimbembeleza. Walimwahidi asilimia. Siku ya pili jioni wakachoka, wakaweka magogo, wakajenga, na ndicho choo kirefu kuliko vyote wilayani. Mpaka leo wapo wanaoingia humo wakiwaza utajiri uliolala chini yao.

Miezi miwili ilipopita alimpima mume wangu asubuhi, mkekani. Sabini na mbili. Akanitaka nisome mimi mwenyewe kwenye saa yake. Nikasoma. Bwana Afya akalichukua daftari, akalibusu, akatoka nje akacheza peke yake uani mbele ya kuku, huku Baba Kulwa anajifunika shuka kwa haya.

Mwaka uliofuata alistaafu. Tulimpa mbuzi na kitenge, akapanda gari, na kwa muda mrefu sikusikia habari zake.

Mimi niliacha nyundo, nikaanza kuuza dagaa. Mwaka jana nilikwenda Nkome kununua mzigo, na wakati nangoja dagaa zikauke kwenye vichanja nilipita mbele ya saluni nikasikia mtu anamgombeza msusi kwamba anavuta nywele kama anafunga ng'ombe. Nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama.

"Shikamoo, Bwana Afya."

Akanitazama kwenye kioo. "Marahaba. Mama Kulwa, umekuja na viatu gani?"

Nikamwonyesha ndala zangu.

"Havifai. Kesho kutwa naolewa, na msimamizi wangu amefiwa, amesafiri. Wewe ni Mkatoliki. Unatosha."

Nilikaa kwenye ndoo ya maji kwa kukosa kiti. Alikuwa na miaka sitini na nne. Akanieleza wakati msusi anaendelea: bwana mwenyewe ni fundi wa mitumbwi, mgane, alikuja siku moja kumuuliza kama anauza mbuzi. "Mimi sina mbuzi. Akaja tena wiki iliyofuata akauliza mbuzi. Mara ya nne nikamwambia, baba, kama huna la kusema kaa unywe chai."

Jioni tulikaa nyumbani kwake tukikunja vitambaa vya meza. Akaacha kukunja, kitambaa kimemlalia mapajani.

"Watu watacheka," akasema. "Mwanamke wa umri wangu na shela."

"Watacheka, ndiyo," nikasema. "Mbona ulituchekesha miaka sita na hatukufa."

Akanitazama, kisha akakunja kitambaa kilichofuata.

Jumamosi kanisa lilijaa wavuvi, wachuuzi wa dagaa na watoto wa bwana harusi, ambao ni watu wazima wenye watoto wao. Nilisimama kulia kwake na viatu vya kuazima vinavyonibana. Fundi alikuwa na suti ya kijivu na mikono mikubwa ambayo hakujua aiweke wapi. Padri akafungua kitabu, akaanza kuuliza.

"Je, mmekuja hapa kwa hiari—"

"Ndiyo, Padri," Bwana Afya akasema.

Kanisa likacheka. Padri akatabasamu, akamwomba asubiri amalize. Akaitikia kwa kichwa, uso umemwiva. Padri akaanza upya, taratibu, kwa hiari yenu na kwa moyo wote, bila ya kulazimishwa, na mimi nilikuwa namwona bibi harusi kaikunja midomo, anajizuia, anajizuia, na Padri alipovuta pumzi kidogo tu katikati ya sentensi, likamtoka tena.

"Ndiyo."

Safari hii hata kwaya ilishindwa. Fundi alicheka mpaka akamshika bega ili asianguke, na yeye akacheka naye, shela imeenda upande, machozi yanashuka. Padri alingoja tunyamaze, hatukunyamaza, basi akafunga kitabu kwenye kidole chake na kumgeukia bwana harusi.

"Huyu nimemsikia," akasema. "Sasa tukuulize wewe."